Swali Linalozaa Nakala: Uhakiki wa Kazi za Kuandika Tunazowapa Wanafunzi wa Theolojia

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki aina ya maandishi ambayo ni nadra kuhakikiwa, ijapokuwa kila msomaji wa jarida hili amepata kuyasoma na baadhi yetu tumepata kuyatunga. Maandishi hayo ni maswali ya kazi za kuandika ambayo walimu wa vyuo vya theolojia huwapa wanafunzi wao. Tumezoea kuhakiki majibu. Tunayapigia mistari kwa wino mwekundu, tunayapa alama, na katika vikao vya walimu tunalalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawafikiri. Lakini swali lililozaa majibu hayo halisahihishwi na mtu. Hutolewa katika jalada la mwaka uliopita, hubadilishwa tarehe, kisha hupelekwa kudurufiwa.

Kilichotusukuma kuandika ni kosa letu wenyewe, nasi tunalieleza bila kujificha. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha historia ya Matengenezo ya Kanisa kwa njia tuliyofundishwa nayo sisi, yaani kwa imla. Siku moja ulimi uliteleza, tukasema kwamba Ungamo la Augsburg lilisomwa mbele ya Kaisari Karolo wa Tano mwaka 1520. Hatukutambua. Mwisho wa muhula tulitoa kazi ya kuandika, tukapokea karatasi 38. Zote ziliandika 1520.

Katika karatasi moja tuliona mwaka uliokatwa kwa kalamu. Chini ya mkato ulisomeka vizuri: 1530. Tulikuwa tumemkata mwandishi wake alama mbili kwa sababu ya karatasi kuwa chafu. Tulipomwita alijibu kwa unyenyekevu, “Kitabuni nilikuta 1530, Mchungaji. Lakini darasani ulisema 1520. Nikaona si adabu kukukosoa.”

Sote twajua kwamba Ungamo lilisomwa tarehe 25 Juni 1530. Lakini uzito wa jambo hili hauko katika tarehe tu. Katika madaftari hayohayo, ukurasa mmoja mbele, wanafunzi walikuwa wameandika kwa usahihi kwamba Luther alisimama mbele ya Kaisari huko Worms mwezi wa Aprili 1521. Mtu angejiuliza kidogo tu, angeshangaa jinsi wakuu wa nchi za Ujerumani walivyoweza kuungama imani hiyo mbele ya Kaisari mwaka mmoja kabla Luther mwenyewe hajahojiwa naye. Kosa lingeweza kugunduliwa bila maktaba, kwa daftari lenyewe. Hakuna aliyeligundua kwa njia hiyo, kwa kuwa hakuna aliyetakiwa kuweka kurasa mbili pamoja na kuziuliza kama zinapatana.

Dai letu ni hili: swali linaloweza kujibiwa kwa kunakili hufundisha kunakili, na mchungaji aliyezoezwa kunakili chuoni ataendelea kunakili mimbarani, hata siku ambayo mtu aliyeketi mbele yake ameleta jambo lisilomo katika daftari lolote.

2. Swali likisomwa kama maandishi

Hebu tulisome swali letu la siku ile jinsi tunavyosoma kifungu cha Maandiko, neno kwa neno. Liliandikwa hivi: “Eleza chimbuko, yaliyomo na umuhimu wa Ungamo la Augsburg. Kurasa kumi.”

Tuanze na kitenzi. Mtu humweleza asiyejua. Mwanafunzi huyu anatakiwa kumweleza nani? Msomaji wake wa pekee ni mwalimu, naye ndiye aliyempa maelezo hayo wiki sita zilizopita. Kumweleza mtu jambo alilokwambia yeye si kueleza. Ni kukaguliwa kama mzigo umefika salama. Basi kitenzi chetu kilisema jambo moja na kutaka jingine, na wanafunzi, ambao si wajinga, walitii lile lililotakwa.

Baada ya kitenzi yako majina matatu: chimbuko, yaliyomo, umuhimu. Tulipofungua daftari la kufundishia tulikuta kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa majina ya sehemu tatu za mhadhara wetu, kwa mpangilio uleule. Kumbe swali letu lilikuwa orodha ya yaliyomo iliyowekwa kitenzi mbele yake. Halikumwachia mwanafunzi kazi ya kupanga, wala ya kuchagua, wala ya kuacha.

Neno la tatu, “umuhimu”, ndilo linalotusumbua zaidi. Linamwambia mwanafunzi kwamba hukumu imekwisha kutolewa: Ungamo ni muhimu. Haruhusiwi kuuliza ni muhimu kwa nani, wala kama mshirika wa usharika wa mashambani, ambaye hajapata kulisikia jina hilo, amepungukiwa na kitu. Mwanafunzi hukusanya sifa tu. Insha za namna hii hufanana na risala, na risala haitarajiwi kuwa na hoja.

Tulirudi kuzisoma upya zile karatasi 38, safari hii bila kalamu nyekundu, tukaangalia maneno yanayounganisha sentensi. Neno lililotawala lilikuwa “pia”. Luther alisema hivi. Pia alisema vile. Pia Melanchthon aliandika. Maneno “lakini”, “kwa hiyo” na “ijapokuwa” yalikuwa machache mno. Hili si jambo la sarufi peke yake. Anayeandika “pia” anaongeza kitu juu ya rundo. Anayeandika “lakini” ameona kwamba vitu viwili havikai pamoja kwa amani, na anayeandika “kwa hiyo” amejifunga kwa alichokisema kabla. Rundo la “pia” laweza kujaza kurasa kumi bila kumpa mwandishi tabu hata mara moja.

Jambo la kusikitisha ni kwamba maandishi tuliyotaka yaelezwe yalizaliwa kwa njia iliyo kinyume kabisa na hiyo. Kaisari aliitisha baraza na kutaka kusikia maoni ya kila upande. Melanchthon aliandika akiwa na msomaji halisi, asiyekubaliana naye na mwenye jeshi. Alisahihisha rasimu yake karibu hadi siku ya kusomwa. Katika makala 28 za Ungamo, 21 za kwanza zinahusu imani, na saba za mwisho zinahusu desturi zilizopotoka. Na mara kwa mara makala hutaja si lile linalofundishwa tu, bali pia lile linalokataliwa. Wapinzani walijibu kwa maandishi mwezi wa Agosti mwaka uleule. Melanchthon akaandika tena, na Utetezi wa Ungamo ukatoka mwaka 1531. Hapo pana rasimu, msomaji, pingamizi na jibu. Sisi tulichukua tunda la kazi hiyo tukawapa wanafunzi walihesabu mbegu zake.

3. Pambizo la Wittenberg

Pengine mtu atasema kwamba kumtaka mwanafunzi afikiri kwa kuandika ni jambo geni, lililoletwa na wataalamu wa elimu wa siku hizi. Sivyo. Kwa sisi Walutheri ni jambo la nyumbani.

Mwaka 1513 Martin Luther alipojiandaa kufundisha Zaburi katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, alimtumia mchapaji Johann Rhau-Grunenberg kuchapa maandiko ya Zaburi kwa Kilatini, mistari ikiachana sana na pambizo likiwa pana. Nafasi hiyo iliachwa kwa ajili ya kalamu ya msomaji. Alifanya vivyo hivyo alipofundisha Warumi mwaka 1515 na 1516. Mwanafunzi hakuja darasani na karatasi tupu ya kujazwa maneno ya mwalimu. Alikuja na Neno lenyewe, likiwa limezungukwa na nafasi ya kuandikia.

Hata hivyo tusimfanye Luther kuwa malaika wa ufundishaji, kwani naye alisoma imla. Mwaka 1908 Johannes Ficker alitoa kitabuni maandiko ya mkono ya Luther mwenyewe kuhusu Warumi. Wataalamu walipoyalinganisha na madaftari ya wanafunzi yaliyosalia, walikuta kwamba mengi kati ya mambo mazito na makali aliyojiandikia hayakufika katika imla. Yaliyokuwa moto katika karatasi ya mwalimu yalipoa njiani. Kila mwalimu anayesoma haya na ajiulize kama mambo yanayomkosesha usingizi katika somo lake yamo katika imla yake, au kama huwapa wanafunzi yale tu yasiyo na ubishi.

Lakini Wittenberg haikuishia katika imla. Tarehe 25 Septemba 1516 mwanafunzi aitwaye Bartholomäus Bernhardi alitetea hoja zake katika mdahalo wa kitaaluma, Luther akiwa mwenyekiti. Hoja hizo zilihusu uwezo wa mwanadamu pasipo neema, naye alizijenga juu ya aliyoyasikia katika mihadhara ya Luther. Zilimuudhi Andreas Karlstadt, mwalimu mkubwa wa chuo hicho, aliyekuwa amemtawaza Luther kuwa daktari wa theolojia mwaka 1512. Ubishi ukawa juu ya mafundisho ya Augustino. Mwezi wa Januari 1517 Karlstadt alinunua vitabu vya Augustino huko Leipzig, kwa nia ya kumshinda Luther. Alipovisoma, akajikuta ameshindwa yeye. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo alitoa hoja 151 akiitetea neema aliyokuwa akiipinga.

Tunaomba wasomaji waitazame vizuri habari hii. Kazi ya mwanafunzi ilimfanya mwalimu akanunue vitabu. Ni kazi ngapi za wanafunzi wetu zilizowahi kututuma maktaba? Swali lililotungwa ili jibu lake lisimshangaze mwalimu halitamshangaza kamwe.

4. Kukariri si adui

Hapa yafaa tujilinde na kosa la upande wa pili. Wako wenzetu ambao, baada ya kusikia neno “fikra tunduizi”, wanataka kutupa kukariri nje ya dirisha. Hatuko pamoja nao. Mchungaji aliyeitwa usiku wa manane hospitalini, umeme ukiwa umekatika, atashukuru kwamba Zaburi ya 23 imo moyoni mwake.

Katika dibaji ya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anawapa wachungaji hatua tatu. Kwanza, watu washike maneno yenyewe bila kuyabadilisha. Pili, wafundishwe maana yake. Tatu, wapelekwe mbele zaidi kwa Katekisimo Kubwa, mafundisho yakipanuliwa kulingana na shida na dhambi za watu wa mahali hapo. Hatua hizo zinategemeana. Asiye na hatua ya kwanza hana cha kufikiria juu yake. Lakini vyuo vyetu vina hatari ya kusimama katika hatua ya kwanza na kuiita ya tatu. Hata maelezo ya Luther, yaliyotolewa ili kufungua maana, tumeyageuza kuwa maneno mengine ya kukaririwa, na mtoto wa kipaimara huyasema yote bila kusita na bila kuulizwa yanamhusu nini.

Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alidai kwamba elimu yetu imjengee kila raia akili ya kuuliza, na uwezo wa kupokea au kukataa mambo ya wengine kwa kuyapima. Naye Luka, kabla ya kumwandikia Theofilo, asema kwamba amejitaabisha kuchunguza mambo yote tangu mwanzo (Lk 1:1-4). Hakuandika kwa sababu hapakuwa na maandishi. Wengi walikuwa wamekwisha kuandika. Aliandika kwa sababu alikuwa na msomaji aliyehitaji uhakika.

5. Barua kwa mama mmoja

Baada ya aibu ya mwaka 1520 tulijaribu kutunga swali la namna nyingine. Tulichagua jambo linaloligusa Kanisa letu lenyewe. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi za jirani walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, ili kunywa kikombe cha dawa ya mti kilichotolewa kwa shilingi 500 na Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT, aliyesema kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Foleni za magari zilikuwa ndefu ajabu. Mzee huyo alifariki mwaka 2021. Wanafunzi wetu walikuwa wadogo wakati ule, lakini wengi wao wanaye ndugu au jirani aliyekwenda.

Swali lilikuwa hivi: “Wewe ni mchungaji wa usharika mwaka 2011. Mama mmoja, mshirika wako, anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, amerudi kutoka Samunge. Anakuuliza kama kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja na nusu. Tumia sehemu moja ya Katekisimo Ndogo. Taja pia kifungu kimoja cha Biblia ambacho mtu asiyekubaliana nawe angekitumia dhidi yako, nawe umjibu kwa haki.”

Rasimu za kwanza zilituhuzunisha. Baadhi zilikuwa hukumu kali juu ya mzee wa Samunge, na mama mwenyewe alisahauliwa. Nyingine zilimwambia aombe, Mungu atamwongoza, ushauri ambao angeweza kupewa na mtu yeyote kandokando ya barabara. Mwanafunzi mmoja ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiongoza darasa kwa alama aliandika maelezo safi kabisa ya sehemu ya kwanza ya Imani, juu ya Mungu aliyetuumba na kutupa mwili na akili. Hayakuwa na kosa hata moja. Ila mama hakutajwa. Jina lake lilikuwa juu ya barua, na barua ilikuwa ya mwalimu.

Mwingine, ambaye alama zake zilikuwa za chini, alichagua kifungu kigumu: habari za mfalme Asa, ambaye katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana bali waganga (2 Nya 16:12). Katika rasimu ya kwanza alikipita kwa sentensi moja, akisema kwamba hayo ni mambo ya Agano la Kale. Rasimu ziliposomwa na wenzake, mmoja alimwandikia pembeni kwa penseli, “Lakini Biblia inamlaumu Asa. Huyo mama akikisoma kifungu hiki usiku peke yake, atabaki na nini?” Alikaa nacho wiki nzima. Katika rasimu ya pili alionyesha kwamba Asa analaumiwa kwa kuacha kumtafuta Bwana, wala si kwa kutibiwa. Kwamba Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia, mtu yuleyule aliyeomba kwa machozi (2 Fal 20:1-7). Na kwa hiyo mama anaweza kumeza vidonge vyake akiwa anaomba, kwa kuwa mkono ulioumba mti wa Samunge ndio ulioumba pia akili ya waliotengeneza vidonge. Alimaliza kwa kumwahidi kwamba siku ya kwenda kliniki atamsindikiza.

Barua hiyo ilikuwa na makosa ya tahajia. Lakini “lakini” na “kwa hiyo” zilikuwamo, tena mahali pake. Na sisi tuliokuwa tumefundisha kifungu cha Asa mara nyingi tulijifunza kitu.

Tusitie chumvi. Sita kati ya barua za mwisho zilikuwa za namna ambayo hatungependa mgonjwa yeyote azipokee. Alama za darasa zilishuka, na wanafunzi walituma mwakilishi kulalamika kwamba swali “halikuwamo katika notisi”. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Tulikuwa tumewazoeza mchezo mmoja kwa miaka miwili, kisha tukawapima kwa mchezo mwingine bila kuwafundisha. Kuandika kwa namna hii kunataka mazoezi madogo madogo tangu mwaka wa kwanza. John C. Bean, katika kitabu chake Engaging Ideas kilichotoka kwanza mwaka 1996, anasisitiza jambo hili: mwanafunzi apewe tatizo la kulitatua badala ya mada ya kuijaza, naye apewe nafasi ya kuandika vipande vifupi visivyotolewa alama, ili mawazo yapate kutokea wakati wa kuandika. Kitabu hicho kiliandikwa kwa walimu wa vyuo vya Marekani, na si kila ushauri wake unaotufaa. Lakini karatasi moja na penseli vinapatikana kwetu pia.

6. Mapingamizi

Tumesikia mapingamizi manne, na yote yana uzito.

La kwanza ni muda. Mwalimu ana madarasa makubwa, na Jumapili ana ibada. Hapa hesabu inatusaidia. Wanafunzi 38 wakiandika kurasa kumi, mwalimu anasoma kurasa 380 zinazofanana. Wakiandika ukurasa mmoja na nusu mara mbili, anasoma 114 zinazotofautiana. Tena si lazima rasimu ya kwanza isahihishwe na mwalimu. Yatosha isomwe na wenzake wawili, kila mmoja akiandika pembeni swali moja la kweli.

La pili ni lugha. Katika ngazi ya shahada tunafundisha kwa Kiingereza, na mhitimu anakwenda kuhubiri kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayepigana na lugha hushikilia sentensi za kitabu kama mtu aliyeshika boriti mafurikoni, nasi tunamwita mwizi wa maandishi. Wizi upo, nao ni dhambi. Lakini mara nyingi tunachokiona ni hofu. Tunashauri rasimu ya kwanza iandikwe kwa lugha ambayo mwanafunzi huomba kwayo. Akishajua anachotaka kusema, ndipo aihamishe.

La tatu ni mashine. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za kompyuta zinazoweza kuandika insha nzima kwa dakika moja, na baadhi ya wenzetu wanasema kazi za kuandika zimekufa. Sisi tunaona kwamba zilizokufa kwanza ni zile zilizokuwa hazina uhai. Swali la orodha lilikuwa linajibiwa na daftari la mwanafunzi wa mwaka uliotangulia zamani kabla ya kompyuta. Ni kweli kwamba hata barua kwa mama inaweza kuandikwa na mashine. Kwa hiyo rasimu ya kwanza tunaiandikisha darasani kwa mkono, na barua ya mwisho mwandishi anaitetea kwa mdomo mbele ya wenzake, jinsi Bernhardi alivyotetea hoja zake. Aliyenunua mawazo hujulikana anapoulizwa bei yake.

La nne ndilo zito kuliko yote, nalo halisemwi wazi katika vikao. Ni adabu. Mwanafunzi wetu amelelewa kutomsahihisha mkubwa mbele ya watu, nasi hatutaki kuubomoa malezi hayo, maana yana uzuri wake. Lakini tumechanganya heshima na ukimya. Waberoya walisikia mahubiri ya Paulo mtume, wakayachunguza katika Maandiko kila siku kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Luka hawaiti watovu wa adabu. Anawasifu kuwa waungwana kuliko wale wa Thesalonike (Mdo 17:11). Wazee wetu nao walisema kuuliza si ujinga.

Kwa sababu hiyo tumeongeza kazi moja ndogo, tunayoiita ukurasa wa Beroya. Kila muhula kila mwanafunzi huchagua jambo moja tulilolisema darasani, huenda kulipima katika kitabu au kwa mtu anayelijua, na kutuandikia ukurasa mmoja: amekuta nini, na je, mwalimu alisema sawa, alikosea au alipunguza? Ruhusa inatoka kwa mkubwa mwenyewe, kwa hiyo adabu haivunjwi. Muhula wa kwanza kurasa nyingi zilisema kwamba mwalimu alikuwa sahihi kabisa. Muhula wa pili zilipungua. Kumbukumbu zetu za kufundishia sasa zina masahihisho kumi na moja kwa mwandiko wetu, na pembeni mwa kila moja tumeandika mwaka wa darasa lililotusahihisha.

7. Hitimisho

Hatudai kwamba swali zuri litamfanya kila mwanafunzi kuwa mwanatheolojia. Wala hatudai kwamba mchungaji aliyeandika barua nzuri chuoni atakuwa na neno la faraja kila atakapoitwa. Roho huvuma apendako. Tunachodai ni kwamba tumekuwa tukiwatoa chuoni watu waliokwisha kuzoea kukata kwa kalamu jambo walilolijua kuwa kweli, kwa sababu aliyesimama mbele amesema vinginevyo. Huko waendako watasimama mbele yao watu wengi wenye sauti kubwa: manabii wa mafanikio, wauzaji wa maji na mafuta ya upako, wanasiasa wanaoomba nafasi ya kusalimia baada ya ibada. Washarika watawatazama wachungaji wao, wasikie watasema nini.

Tunapendekeza jambo moja kwa walimu wenzetu. Kabla ya muhula ujao, kila mmoja atoe swali moja katika jalada lake, aketi na notisi za mwanafunzi wake peke yake, ajaribu kulijibu. Akilimaliza kwa kunakili, alichane.

Yule mwanafunzi wa karatasi iliyokatwa tulimrudishia alama zake mbili. Tulimwambia pia mbele ya darasa zima kwamba yeye alikuwa sahihi na sisi tulikosea. Aliinamisha kichwa kwa haya. Kisha, darasa likiwa bado kimya, mwanafunzi mwingine wa nyuma alinyosha mkono na kuuliza kama tuna hakika na mwaka wa Baraza la Speyer tuliloutaja wiki iliyopita. Tulifungua kitabu pamoja.